Mwenye Kamera na Mwenye Sura: Sinema, Matangazo na Watu wa Ziwa

Kisiwa cha Rukuba kimo ndani ya Ziwa Victoria, mbele ya mji wa Musoma, na kiutawala ni sehemu ya Kata ya Etaro katika Halmashauri ya Wilaya ya Musoma. Watu wake ni wavuvi, wachuuzi wa samaki na familia zao. Katika nyaraka za serikali jina la kisiwa huandikwa kwa R. Katika vipeperushi vya utalii vya Kiingereza, kisiwa hicho hicho huitwa Lukuba, kwa L, na huko husifiwa kwa ndege, fisi maji, kenge, machweo ya jua na uvuvi wa sangara kwa ndoano, kuwa mahali pa kupumzikia mgeni aliyechoshwa na vumbi la Serengeti.

Kwa mkazi wa mwambao wa Mara, R na L si jambo la kugombania; ulimi huzipitisha zote mbili. Lakini kwa mwanafunzi wa historia herufi hizo mbili zinatenganisha visiwa viwili. Kimoja kinaishi watu, nacho kinahitaji zahanati, shule, boti ya wagonjwa na bei nzuri ya samaki. Cha pili kinauzwa, nacho kinahitaji picha nzuri tu. Makala haya yanahusu umbali uliopo baina ya visiwa hivyo viwili, na chombo kilichoutengeneza umbali huo kwa karibu karne nzima, yaani sinema inapofanya kazi ya tangazo.

Tumezoea kudhani kwamba filamu ni kitu kimoja na tangazo ni kitu kingine. Kwamba filamu husimulia na tangazo huuza. Historia yetu inakataa mgawanyo huo. Hapa kwetu tangazo lilivaa joho la hadithi tangu siku za mwanzo, na filamu nyingi zilizotutambulisha duniani zilifanya kazi ya tangazo hata pale ambapo watengenezaji wake hawakukusudia. Nataka kuonesha kwamba katika historia hiyo mtu wa kawaida amepewa nafasi tatu tu: mwanafunzi wa kuelekezwa, pambo la mandhari, au kielelezo cha mashtaka. Nafasi ya nne, ile ya mwenye hadithi, hakupewa na mtu. Aliichukua mwenyewe, na bado hajaimiliki kikamilifu.

Mwizi aliyetangaza benki

Tuanzie Vugiri, katika milima ya Usambara, mwaka 1935. Huko ndiko ulikowekwa makao mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment, uliosimamiwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham kwa niaba ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari, kwa ruzuku ya shirika la Carnegie la New York. Ndani ya miaka miwili mradi ulitengeneza filamu fupi zipatazo 35 na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na makoloni ya kusini yetu. Filamu zilikuwa bubu. Sauti ilirekodiwa kwenye sahani za santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine, ikachezwa sambamba na picha.

Miongoni mwa filamu za kwanza ilikuwamo ile iliyohusu Benki ya Akiba ya Posta. Hadithi yake ni nyepesi. Wafanyakazi wawili wanapokea mshahara. Mmoja anaufukia katika nyumba yake, mwingine anaupeleka posta. Mwizi anakuja, anafukua, anaondoka na jasho la yule wa kwanza. Mtazamaji hakuhitaji kuhubiriwa. Alikuwa amekwisha kuingiwa na hofu ya mwizi, kisha akaoneshwa mlango wa kukimbilia.

Yeyote aliyewahi kusoma kazi ya matangazo atautambua ufundi huo mara moja: umba shaka, kisha toa bidhaa inayoiondoa. Tofauti ni kwamba hapa bidhaa ilikuwa taasisi ya serikali ya kikoloni, na mteja alikuwa mtu aliyelazimishwa kuingia katika uchumi wa mshahara na kodi. Mradi huo huo ulitengeneza pia filamu ya kueleza faida za kodi. Maswali ambayo yangeulizwa na mtazamaji mwenye akili timamu, kwamba mshahara huo mbona ni mdogo, na kodi hiyo nani aliipanga, hayakuwa na nafasi ndani ya hadithi. Mwizi alikuwa jirani mweusi aliyechimba ardhini usiku. Wizi mwingine wowote haukupigwa picha.

Hii ndiyo nafasi ya kwanza: mtu wa kawaida kama mwanafunzi wa kuelekezwa. Anaoneshwa watu wanaofanana naye, ili asidhani kwamba anaambiwa na mgeni.

Mwigizaji aliyekuja kuwa Waziri Mkuu

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni iliendelea na njia hiyo kwa magari ya sinema yaliyozunguka vijijini. Katika nchi jirani ya Kenya makampuni ya sabuni, mafuta ya kupikia na dawa nayo yaliigundua siri hiyo: gari linafika jioni, shuka jeupe linatundikwa, watoto na wakubwa wanakusanyika, na katikati ya vichekesho na filamu za farasi na bastola linapenyezwa tangazo. Watu walikuja kutazama sinema, wakarudi nyumbani na jina la sabuni.

Tanganyika ilipata filamu ya hadithi iliyoigizwa na wananchi wenyewe, Muhogo Mchungu, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ni kisa cha mtu wa shamba anayekutana na hila za mjini Dar es Salaam. Nyota wake alikuwa kijana mtumishi wa Idara ya Maendeleo ya Jamii aliyeitwa Rashidi Mfaume Kawawa. Filamu ilikuwa na lengo lililokubaliana na sera ya wakati huo: kumtahadharisha mwanakijiji asikimbilie mjini. Kwa maneno mengine, ilikuwa tangazo la kijiji.

Lakini sura iliyotumiwa kutangaza sera ya mtawala ilijulikana kwa watu, na mwenye sura hiyo alikuwa na mawazo yake. Kawawa aliingia katika harakati za wafanyakazi, akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vyao mwaka 1955, kisha akawa kiongozi wa TANU. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alipojiuzulu Uwaziri Mkuu tarehe 22 Januari 1962 ili akajenge chama, aliyekalia kiti hicho ni yule yule aliyewahi kuigiza mtu wa kutahadharishwa juu ya mji. Simaanishi kwamba sinema ndiyo iliyompa uongozi. Uongozi aliupata katika kazi ya vyama. Ninachosema ni kwamba picha haimfungi daima aliyepigwa. Kuna wakati huponyoka mkononi mwa aliyeiagiza.

Serikali huru nayo haikuutupa ufundi iliorithi. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na filamu yake Fimbo ya Mnyonge, ya miaka ya 1970, ilitangaza maisha ya kijiji cha ujamaa kwa njia ya kisa cha mtu anayehangaika na kupata makazi na heshima kijijini. Lengo la kisiasa lilikuwa jipya, na lilikuwa na heshima kuliko lile la mkoloni. Hata hivyo mpangilio wa viti ndani ya ukumbi haukubadilika sana. Aliyejua jibu alikuwa nyuma ya kamera. Aliyehitaji kujibiwa alikuwa mbele ya shuka.

Mbuga iliyoondolewa watu

Nafasi ya pili, ile ya pambo, ilitengenezwa kwetu Mara na maeneo ya jirani, katika Serengeti, ambayo sehemu yake kubwa imo mkoani humu.

Mwaka 1959 Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alitoa filamu iliyotangaza kwamba Serengeti haipaswi kufa. Yeye na mwanawe Michael walihesabu wanyama kutoka angani kwa ndege ndogo iliyopakwa mistari ya pundamilia. Michael alikufa katika ajali ya ndege hiyo tarehe 10 Januari 1959, na kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya kumbukumbu mwaka 1960. Ndege ya pundamilia yenyewe ilikuwa tangazo lisilohitaji maneno. Aliyeiona mara moja hakuisahau.

Grzimek alikuwa pia na kipindi cha televisheni kilichopendwa sana Ujerumani Magharibi. Wasifu wake unasimulia kwamba aliwatangazia watazamaji kuwapo kwa safari za bei nafuu za kutalii Afrika Mashariki wakati safari hizo bado hazijaandaliwa na mtu, na mawakala wa usafiri wakalazimika kuziandaa baada ya wateja kuanza kuulizia. Hoja yake ilikuwa ya kweli kwa upande mmoja: serikali maskini itaitunza mbuga iwapo mbuga italeta fedha. Serikali yetu iliipokea hoja ya uhifadhi katika Ilani ya Arusha ya Septemba 1961, na leo hakuna Mtanzania mwenye busara anayetamani Serengeti ife.

Lakini tazama nani hayumo katika tangazo hilo. Kwa Waikoma, Wanata, Waishenyi na Waikizu, Serengeti haikuwa pori tupu. Ilikuwa na mahame ya mababu, vilima vya matambiko, njia za biashara na mawindo ya halali. Katika lugha ya filamu mwindaji wa jadi aligeuka kuwa jangili mwenye nyaya za mitego, na mfugaji wa Kimaasai akawa tatizo la malisho. Mwaka ule ule wa 1959 Wamaasai walihamishwa kutoka Serengeti kwenda Ngorongoro. Filamu haikuwahamisha, uamuzi ulikuwa wa serikali ya kikoloni. Kazi ya filamu ilikuwa kuifanya dunia ione kwamba mahali pasipo watu ndipo palipo sawa.

Miaka mitatu baadaye Hollywood ilitoa Hatari!, filamu ya Howard Hawks iliyopigwa Tanganyika, ikiwa na John Wayne na Hardy Krüger. Wanaume wa Ulaya na Marekani wanafukuza vifaru na twiga kwa magari ili wakawauze kwa mabustani ya wanyama. Jina lake ni la Kiswahili, mandhari ni yetu, ila wenyeji hupita tu nyuma ya magari. Krüger aliipenda Momella, karibu na Arusha, akanunua shamba na kujenga nyumba ya wageni hapo. Eneo la kupigia picha likawa hoteli, na filamu ikawa kipeperushi cha hoteli.

Baadaye hata lugha yenyewe iliingizwa sokoni. Kampuni ya Disney ilipotoa filamu ya katuni ya mfalme simba mwaka 1994, maneno hakuna matata yalienea duniani kote. Kampuni ikayasajili nchini Marekani kama alama ya biashara kwa ajili ya mavazi, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Mwishoni mwa 2018 watu wengi, wakiwamo wasemaji wa Kiswahili, walitia sahihi malalamiko ya mtandaoni. Kisheria usajili huo hauwazuii bibi wa Bunda na mjukuu wake kuambiana hakuna matata. Kinachouma ni kingine: kwamba neno la kumfariji mtu liligeuzwa nembo ya fulana, na wenye neno wakasikia habari hiyo miaka 15 baadaye.

Samaki aliyeshtakiwa

Nafasi ya tatu ilikuja ziwani. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, upande wa Uganda, akazagaa miaka ya 1980 na kuwala furu kwa wingi hata aina nyingi zikatoweka. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza na Musoma. Watu wa visiwani, Rukuba wakiwamo, wakajikuta wamefungwa kwenye soko la Ulaya wasilolijua. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia, wavuvi waliona bei ikiporomoka. Walijifunza kwamba samaki huuzwa pamoja na sifa yake, na sifa hiyo huandikwa mbali na mwalo.

Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa Darwin's Nightmare, filamu ya kumbukumbu iliyopigwa Mwanza. Alionesha minofu ikipanda ndege za mizigo kwenda Ulaya, mapanki yakibaki kwa maskini, watoto wa mitaani, wanawake wanaouza miili, na tetesi kwamba ndege hizo huleta silaha za vita vya Afrika. Filamu ilipata tuzo Ulaya na kuteuliwa kuwania Oscar mwaka 2006. Huko Ulaya wako waliotoa wito wa kususia sangara.

Mwishoni mwa Julai 2006 Rais Jakaya Kikwete, akiwa Mwanza, aliilaani filamu hiyo kwa kuipaka nchi matope. Yakafuata maandamano mjini humo. Mwandishi wa habari wa Kitanzania aliyezungumza ndani ya filamu alijikuta katika misukosuko. Nchini Ufaransa mwanahistoria François Garçon alipinga ushahidi wa madai ya silaha. Sauper alimshtaki kwa kumkashifu, na mahakama ikampa Sauper ushindi.

Wasomaji wengi watakumbuka kwamba mjadala wetu wa wakati ule uligawanyika kambi mbili: wazalendo na wasaliti. Naona zote mbili zilikosea swali. Sauper hakuvumbua umaskini wa mialo. Ulikuwapo na upo. Serikali nayo haikukosea kusema kwamba tetesi si ushahidi, na kwamba wito wa kususia sangara ungemwumiza kwanza mvuvi ambaye filamu ilidai kumtetea. Tatizo ni kwamba mvuvi alikuwa kielelezo kwa pande zote. Filamu ilimwonesha ili kuishtaki Ulaya. Serikali ilimtaja ili kuishtaki filamu. Hakuna upande uliomwuliza kwa dhati: bei ya kilo inapangwa wapi, nyavu unazipata kwa mkopo wa nani, na ungependa picha yako itumike kusema nini? Tangazo baya na kanusho la tangazo baya vilifanana katika hilo.

Rais mbele ya kamera

Tarehe 18 Aprili 2022 mjini New York ilizinduliwa filamu ya Tanzania: The Royal Tour, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan anamtembeza nchini mwanahabari wa Marekani, Peter Greenberg. Baadaye ilizinduliwa Los Angeles, Arusha, Zanzibar na Dar es Salaam. Mfululizo huo ulikuwa umekwisha kuwapitia viongozi wengine, akiwamo Mfalme Abdullah II wa Jordan, Benjamin Netanyahu wa Israel na Paul Kagame wa Rwanda. Kwa hiyo muundo ulikuwa umeandaliwa tayari. Kila nchi iliingiza mandhari yake na kiongozi wake.

Kuna hatua ya kihistoria hapa ambayo wakosoaji wengi waliipita haraka. Kwa mara ya kwanza tangazo kubwa la filamu kuhusu nchi yetu lililoelekezwa kwa dunia lilikuwa na msimulizi Mtanzania, mwanamke, kiongozi wa nchi. Kutoka Hatari!, ambamo mwenyeji hupita nyuma ya gari, hadi filamu ambayo mwenyeji ndiye anayemwongoza mgeni, si safari ndogo.

Ila tusitie chumvi katika hesabu. Watalii wa kimataifa walikuwa 1,527,230 mwaka 2019, wakaanguka hadi 620,867 mwaka 2020 kwa sababu ya Uviko, wakapanda hadi 1,454,920 mwaka 2022 na 1,808,205 mwaka 2023. Anayesema kwamba ongezeko lote hilo ni matunda ya filamu anasahau kwamba dunia nzima ilikuwa inafungua mipaka, na kwamba mwaka wa filamu yenyewe ulikuwa bado chini ya 2019. Anayesema kwamba filamu haikusaidia chochote naye hana ushahidi. Mtumishi wa umma anayepanga bajeti anapaswa kuyakwepa majibu yote mawili, na kudai tathmini inayotenganisha mchango wa tangazo na mchango wa mazingira.

New Zealand inatupa mfano wa kulinganisha. Ilianza kampeni yake ya kujitangaza kwa usafi wa mazingira mwaka 1999, kisha filamu za The Lord of the Rings zilipoanza kutoka mwaka 2001 ikaziunganisha na kampeni hiyo. Ilifaidika kwa sababu ilikuwa imejenga barabara, huduma na viwanda vya filamu vya wananchi wake, hata mtazamaji alipovutika alikuta mahali pa kufikia na mwenyeji wa kumlipa. Filamu hufungua hamu, lakini fedha humfikia yule aliyejiandaa kuipokea. Mgeni atakayevutika leo na picha ya machweo ya Lukuba atahitaji gati, boti salama na mwongozaji kutoka Rukuba. Kama vitu hivyo havipo, au vipo mikononi mwa wachache, fedha itapita juu ya kisiwa kama ndege wanaosifiwa kwenye kipeperushi.

Nafasi ya nne

Nilisema kwamba nafasi ya nne ilichukuliwa. Ilichukuliwa vibandani. Tangu miaka ya 1990, kwenye mialo na visiwa vya ziwa, jenereta, televisheni na deki vilitosha kuanzisha ukumbi wa sinema. Nje ya kibanda ubao wa chaki ulitangaza filamu ya jioni, mara nyingi kwa maneno yenye chumvi kuliko filamu yenyewe. Wafasiri kama Lufufu wa Dar es Salaam walizipa filamu za Marekani, Hong Kong na India sauti ya Kiswahili, wakaongeza utani, maonyo na maelezo, hata mtazamaji akaondoka na hadithi ambayo mtengenezaji wake asingeitambua. Mvuvi aliyekuwa mwanafunzi wa kuelekezwa akawa mtu wa kubishana na filamu kwa sauti.

Kisha ikaja Bongo Movie. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, umati uliofurika viwanja vya Leaders Club kumuaga uliwaonesha wenye makampuni jambo ambalo mashabiki walilijua zamani: kwamba sura ya mwigizaji wa kwetu inagusa watu kuliko bango lolote. Waigizaji na wasanii wakawa mabalozi wa mitandao ya simu na vinywaji. Ni mwendo ule ule wa Vugiri, sura inayofanana nasi ikituuzia kitu, ila safari hii mwenye sura anaweza kudai malipo. Anaweza, kama mkataba wake una meno.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilijengwa kwa fikra ya udhibiti: nini kioneshwe na nini kikatazwe. Marekebisho ya mwaka 2019 yalizitaka kampuni za kigeni zinazopiga filamu nchini kuikabidhi Bodi ya Filamu picha ghafi na kukiri mahali zilipopigwa, ili zitumike kuitangaza nchi. Hatua hiyo inalinda maslahi ya dola. Mwanakijiji ambaye uso wake, mtumbwi wake au matanga ya ndugu yake vimo katika picha hizo ghafi bado anasubiri kutajwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imefungua mlango kidogo kwa kukiri kwamba taarifa za mtu ni za mtu. Wanaharakati na wanasheria vijana wanaosoma hapa wana kazi ya kuupanua mlango huo mpaka mtumbwi upite.

Napendekeza maswali matatu yaulizwe kabla fedha ya umma haijagharimia filamu yoyote ya kututangaza, na kabla kibali hakijatolewa kwa mgeni mwenye kamera. La kwanza: wakazi wa mahali panapopigwa picha wameshirikishwa kupitia mkutano wa kijiji, au mwenyekiti amepigiwa simu tu? La pili: ndani ya filamu, mkazi anasema maneno yake mwenyewe, au anapunga mkono? La tatu: mapato yanayotokana na mvuto huo yana mgao gani kwa kijiji, na mgao huo umeandikwa wapi? Ofisa wa halmashauri anaweza kuyauliza maswali hayo kesho asubuhi bila kusubiri sheria mpya. Mwanafunzi wa mawasiliano anaweza kuyafanya tasnifu.

Waliotengeneza filamu ya Benki ya Posta walijua kwamba mtu hushawishika anapomwona anayefanana naye. Miaka 90 baadaye ujuzi huo unatumika bado, nasi bado ni wepesi wa kuazimisha nyuso zetu bure. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika sinema ya kututangaza, mgeni amekwisha kuja mara nyingi. Mwenyeji wa Rukuba, kwa R, bado hajapona, na hatapona kwa picha nzuri zaidi. Atapona siku jina lake litakapoandikwa kwenye mkataba kabla halijaandikwa kwenye kipeperushi.